Kabla Hujalipia Kipimo cha Kongosho

Mjomba wangu hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Alipofariki, kwenye kabati lake tulikuta risiti za umeme za miaka na miaka, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao, na bahasha moja ya kaki yenye CD ya kipimo cha CT. Kipimo hicho alipigwa mwaka mmoja na miezi minne kabla ya kuambiwa ana saratani ya kongosho. Siku ile alikwenda hospitali kwa maumivu ya kiuno, wakamtafuta mawe ya figo, wakayapata. Ripoti ilikuwa na mistari sita. Mstari wa nne ulisema kongosho liko sawa.

Nilimpelekea CD ile daktari mmoja wa radiolojia tunayefahamiana. Aliiweka kwenye kompyuta, akawa anazungusha kigurudumu cha mausi taratibu, na tumbo la mjomba likapita kwenye kioo kipande kwa kipande, kama mkate wa slesi. Akafika mahali akasimama. "Dada, hebu sogea hapa." Ncha ya kalamu yake iligusa mstari hafifu, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ulikuwa mrija wa kongosho. Ulikuwa umepanuka kidogo, halafu ukakatika ghafla, kama bomba la maji lililokanyagwa. Uvimbe wenyewe haukuonekana. "Leo nauona kwa sababu najua kilichotokea," alisema. "Siku ile, na foleni ile, tena nimeulizwa mawe ya figo tu, ningeupita."

Sikumlaumu aliyeandika ripoti ile, na hadi leo simlaumu. Lakini tangu siku hiyo kila habari inayosema akili mnemba inaweza kuona saratani ya kongosho mapema naisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa matumaini, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nikitafuta bei na nani anayelipa.

Baada ya arobaini, mtoto wa mjomba anayeishi Houston alinitumia tangazo kwenye WhatsApp. Kule Marekani kampuni ya Prenuvo inauza MRI ya mwili mzima kwa dola 2,499, ambazo kwa shilingi yetu ni zaidi ya milioni sita, na ya kiwiliwili peke yake kwa dola 999. "Dada, nijipime?" aliandika. "Na mama je, nimkatie tiketi aje huku?" Nilimwomba wiki mbili. Niliyomjibu ndiyo haya, na nimeyaongezea yale ambayo yeye hakuuliza.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Daktari hawezi kulipapasa kwa vidole, na uvimbe unaweza kukua humo miezi mingi bila kubana kitu kinachouma. Ndiyo maana wanaofika hospitali upasuaji ukiwa bado unawezekana ni kama 15 hadi 20 tu kati ya wagonjwa 100. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba wanaokuwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa ni 13 kati ya 100. Kwa wale ambao saratani imekutwa haijatoka nje ya kongosho, idadi hupanda hadi 44 hivi. Matangazo yote unayoyaona yanauza tofauti hiyo, kutoka 13 hadi 44. Ni tofauti ya kweli, na sisi tuliozika tunajua thamani yake. Kinachobaki ni kujua kama unachouziwa kinakufikisha huko.

Kazi iliyonishangaza zaidi imetoka China. Watafiti wa DAMO Academy, taasisi ya kampuni ya Alibaba, wakishirikiana na hospitali kadhaa, walitengeneza programu waliyoiita PANDA, na matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Nature Medicine mwaka 2023. Walichagua CT isiyo na kontrasti, yaani isiyo na ile dawa inayodungwa mshipani ili viungo ving'ae kwenye picha. Hiyo ndiyo CT ya bei ya chini, na madaktari wamefundishwa miaka yote kwamba haifai kutafutia uvimbe wa kongosho. Mbinu yao ilikuwa ya akili sana. Walichukua wagonjwa 3,208. Kwenye picha zenye kontrasti, ambako uvimbe unaonekana, wataalamu walichora mipaka yake, kisha michoro hiyo ikahamishiwa kwenye picha za mtu yule yule zisizo na kontrasti, ili mashine ijifunze kutambua kile ambacho jicho halikioni. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa 20,530 waliofika hospitalini mmoja baada ya mwingine, iliwatambua karibu 93 kati ya kila 100 wenye dosari kwenye kongosho. Kwa wasio na dosari, ilitoa tahadhari ya bure kwa mmoja tu kati ya 1,000.

Hospitali moja ya mji wa Ningbo, mashariki mwa China, imekuwa ikiitumia tangu Novemba 2024 kwa watu waliofika kupigwa CT ya tumbo au ya kifua kwa shida nyingine kabisa. Katika picha zaidi ya 180,000 za mwanzo, ilisaidia kugundua saratani za kongosho kama dazeni mbili, 14 kati yake zikiwa bado changa. CT yenyewe pale ni takriban dola 25 kabla ya bima. Tafadhali isome tena hesabu hiyo kwa macho ya mnunuzi. Hao watu 14 hawakununua kipimo cha kongosho. Walilipia kipimo walichokuwa wanakihitaji kwa jambo jingine, na jicho la pili likapita juu ya picha ile ile.

Mayo Clinic ya Marekani nao walifanya kwa utaratibu kile alichofanya yule daktari kwa CD ya mjomba. Walikusanya CT za zamani za watu waliokuja kuugua baadaye, picha ambazo zilipigwa kwa sababu nyingine na zikaonekana hazina tatizo, wakaipa kompyuta izitafute alama ndogo ndogo za mabadiliko ya nyama ya kongosho. Katika utafiti wao wa mwaka 2022, muda wa kati tangu picha ipigwe hadi ugonjwa utajwe ulikuwa siku 386, na bado programu iliweza kulitenga kongosho linalokwenda kuugua na lililo zima. Niliposoma namba hiyo niliiweka simu chini. Mjomba alikuwa na siku kama 480.

Huko Ulaya, utafiti wa PANORAMA ulioongozwa kutoka Uholanzi uliwashindanisha madaktari 68 wa radiolojia na programu, kwenye CT za kawaida za hospitali. Programu iliwazidi kidogo kwa jumla. Sitakaa hapo, maana ujumbe wake kwa mnunuzi ni ule ule: teknolojia ipo, na inafanya kazi.

Ila huwezi kwenda dirishani ukailipia. Programu za aina hii huunganishwa na mfumo wa hospitali, si za kuuziwa mgonjwa mmoja mmoja. Mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, FDA, iliipa PANDA hadhi ya kifaa cha kipaumbele Aprili 2025. Hadhi hiyo huharakisha mapitio, haimaanishi kwamba kifaa kimeruhusiwa kuuzwa. Kwetu Afrika Mashariki, akili mnemba iliyokwisha kuzoeleka kwenye picha za hospitali ni ile inayosoma eksirei za kifua kutafuta kifua kikuu, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Kwa hiyo kituo kikikwambia kina "CT ya akili mnemba", uliza kwa upole: hiyo akili mnemba inafanya nini hasa? Mara nyingi utaambiwa inasafisha picha, ili mashine itumie mionzi michache au imalize haraka. Ni kazi njema, lakini haitafuti saratani, na wewe usiilipie kama inayotafuta.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila anayetaka kulipia kipimo aifanye mwenyewe kwenye karatasi. Chukua watu 100,000. Kwa viwango vya Marekani, watakaogunduliwa saratani ya kongosho mwaka huo ni kama 13. Programu yenye usahihi wa PANDA itawaona 12 kati yao, na papo hapo itawatisha watu 100 wasio na kitu. Shusha usahihi kidogo tu. Ikiwa programu inakosea kwa watu 4 kati ya 100 wazima, na kwenye karatasi hiyo bado ni programu nzuri, itawatisha watu 4,000. Kila mmoja wao atatafutiwa CT nyingine yenye kontrasti, au MRI, au endoskopi na sindano ya kuchukua kinyama. Atakopa. Atakesha. Atamwambia mkewe au atamficha. Kwa sababu hiyo USPSTF, jopo la Marekani linalotoa miongozo ya vipimo vya kinga, mwaka 2019 lilirudia ushauri wake wa zamani: mtu asiye na dalili, na asiye kwenye kundi la hatari kubwa, asipimwe saratani ya kongosho.

Sasa tuje kwenye vipimo vyenyewe, na pesa.

MRI ya mwili mzima, ile ya binamu yangu, haina mionzi, na hilo ni jema. Lakini dakika zake zimegawanywa kuanzia kichwani hadi kwenye nyonga, kongosho linapata sehemu yake ndogo tu. Chuo cha Radiolojia cha Marekani, ACR, kilisema mwaka 2023 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuwashauri watu wasio na dalili wapige kipimo hicho. Hasara yake nyingine haiandikwi kwenye bei. MRI huona vijifuko vya maji kwenye kongosho, ambavyo watu wazima wengi wanavyo na vingi havitawaua. Kikishaonekana kimoja, umejiandikisha kwenye vipimo vya kufuatilia vya miaka. Dola 2,499 ni malipo ya kwanza tu.

Kipimo cha damu cha Galleri kinauzwa dola 949 na kinatafuta dalili za saratani nyingi kwa mpigo. Kikisema ndiyo, bado utapelekwa kwenye picha. Tukiache hapo.

CA 19-9 ni kipimo cha damu cha bei nafuu, na siku hizi kinaingizwa kwenye vifurushi vya kupima afya vinavyotangazwa Dar es Salaam na Nairobi. Hapa nina neno kali kidogo. Kipimo hiki kina kazi yake: kumfuatilia mgonjwa aliyekwisha gundulika, kujua kama matibabu yanamsaidia. Kumtafutia ugonjwa mtu asiye na dalili hakifai. Hupanda mtu akiwa na mawe ya kifuko cha nyongo, hupanda mrija wa nyongo ukiziba kwa sababu yoyote. Na kuna watu ambao miili yao haitengenezi kabisa kitu hicho kinachopimwa, na miongoni mwa watu weusi idadi yao ni kubwa kuliko kwa wazungu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na saratani na jibu likatoka zuri. Ukikiona kwenye kifurushi, omba kitolewe na bei ipungue.

Altrasaundi ndiyo tunayoanza nayo wengi, na kwa kweli inafaa kuanza nayo, hasa kwa mtu mwenye macho ya njano. Inaonyesha mirija ya nyongo iliyojaa, inaonyesha mawe, inaonyesha ini. Lakini gesi ya utumbo huziba mwili na mkia wa kongosho. Soma ripoti yako hadi mwisho. Ikiandikwa kwamba kongosho halikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi, maana yake halijapimwa, hata kama mstari wa hitimisho unasema hali ni ya kawaida.

Kinachobeba uzito ni CT ya kongosho yenye kontrasti, na hapa ndipo ningekushauri uweke pesa yako kama una sababu ya kupimwa. Nimemsindikiza mama yangu, kwa hiyo naijua. Unafika hujala. Wanapima damu kuona figo zinafanyaje, maana kontrasti hutolewa na figo. Wanaweka kanula mkononi, unalala, meza inaingia ndani ya ile pete kubwa. Dawa ikiingia unasikia joto kutoka kooni hadi kwenye nyonga, mpaka unadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Sauti inakwambia vuta pumzi, ishikilie. Picha ya kwanza hupigwa sekunde 40 hadi 50 hivi tangu dawa iingie, wakati kongosho zima linang'aa na uvimbe unabaki kama kivuli. Ya pili hupigwa karibu na sekunde ya 70, kuangalia mishipa na ini. Vipande vya picha vinatakiwa viwe vyembamba, visizidi milimita 3.

CT ya tumbo ya kawaida haifuati saa hiyo. Kwa hiyo unapopiga simu kuuliza bei, usiulize "CT ya tumbo ni shilingi ngapi?" Uliza kama wanapiga CT ya kongosho ya awamu mbili. Uliza kama bei hiyo ina kontrasti ndani yake, ina kipimo cha figo, ina CD, na ina usomaji wa daktari wa radiolojia. Mimi niliwahi kutajiwa bei nzuri kwa simu, na nilipofika dirishani kontrasti ikawa bei yake, sirinji yake bei yake, CD bei yake, na ripoti ya haraka bei nyingine. Jumla ilinirudisha nyumbani kutafuta nyongeza. CT kwetu ni kipimo cha malaki, na mwenye malaki kamili mfukoni si wengi. Hospitali za rufaa za mikoa nyingi nchini Tanzania sasa zina mashine hizo, kwa hiyo anayeishi Mtwara au Kigoma aulize kwanza pale kwao kabla ya kupanda basi la Dar. Nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea nazo ni bei ya kipimo.

Kwa aliyeko Marekani shida ni nyingine: kipimo kile kile kinaweza kuwa dola mia chache kwenye kituo kinachojitegemea, na maelfu ndani ya hospitali, barabara ile ile. Tangu Januari 2021 hospitali za huko zinalazimika kutangaza bei zao. Binamu yangu hakuwa anajua. Wengi wa wenzetu walioko huko hawajui.

Mionzi isisahaulike. CT ya tumbo na nyonga kwa awamu moja ni kama mionzi ya asili ya miaka miwili na nusu hivi, na ya awamu mbili inaweza kufika miaka mitano. Kwa mwenye macho ya njano hilo si la kujadili. Kwa kijana wa miaka 35 anayetaka kujiridhisha tu, ni la kujadili sana. Na hata CT nzuri hukosa sehemu kubwa ya uvimbe ulio chini ya sentimita 2, ambao ndio hasa tungependa tuuone.

Hapo ndipo zinapoingia MRI ya kongosho na mirija yake, isiyo na mionzi, na endoskopi yenye altrasaundi, ambapo mgonjwa analazwa usingizi mwepesi, mpira mwembamba ukapitishwa mdomoni hadi tumboni, na kongosho likaangaliwa kutoka kwa jirani yake wa karibu kabisa. Kwa uvimbe mdogo hakuna kinachoishinda hiyo, na kinyama kinaweza kuchukuliwa hapo hapo. Wataalamu wake ni wachache na wako miji mikubwa. Ikihitajika, bei yake ilinganishe na ya vipimo viwili au vitatu vya kubahatisha ambavyo huenda ikakuepusha navyo.

Basi nani alipe? Wenye jeni zilizobadilika kama BRCA2, PALB2, ATM au CDKN2A, na wenye ndugu wa damu wawili au zaidi walioupata ugonjwa huu, mmoja wao akiwa mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja. Kwa hao ufuatiliaji wa kila mwaka kwa MRI au endoskopi ile una maana, kwa kawaida kuanzia miaka 50, au miaka 10 kabla ya umri mdogo zaidi ambao ndugu yao yeyote aliugua. Mpango wa CAPS wa Marekani, unaowafuatilia watu wa aina hii, ulitoa matokeo mwaka 2022: kati ya saratani 9 zilizokutwa kwa ufuatiliaji, 7 zilikuwa hatua ya kwanza. Linganisha na wale 15 hadi 20 kati ya 100 niliowataja mwanzo. Mashine ni hizi hizi tunazozijua. Waliopimwa ndio waliochaguliwa vizuri.

Kundi la pili ni watu waliopita miaka 50 wakapata kisukari ghafla. Karibu mmoja kati ya kila 100 wao hugundulika na saratani ya kongosho ndani ya miaka mitatu. Kisukari kipya pamoja na kupungua uzito bila kujinyima chakula ni sababu halali ya kumwomba daktari CT.

Na kundi la tatu ni wenye dalili, ambao kwetu ndio wanaopoteza pesa nyingi kuliko wote kwa sababu wanazimwaga pasipofaa. Maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kinyesi kilichopauka, mwili kuwasha, macho kuwa ya njano. Mjomba alimeza dawa za vidonda vya tumbo miezi mitano. Alipimwa bakteria wa tumbo mara mbili, akatibiwa taifodi mara moja, akanunua dawa ya mitishamba ya ini. Nilikaa na mke wa mjomba tukajumlisha risiti, maana zote zilikuwemo kabatini. Zilikuwa zinatosha CT ya awamu mbili na chenji.

Mwenye bima aulize mapema kama kipimo kinahitaji kibali, na nani anakijaza. Kenya, mfumo wa bima ya afya wa SHA ulipoanza Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilikuwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka kutoka mfuko wa SHIF, na 150,000 za ziada zikiisha hizo. Uliza gharama za picha zinakatwa kutoka mfuko gani, maana kila kipimo kinachorudiwa kwa sababu cha kwanza hakikupigwa sawasawa kinaweza kula pesa ambayo ingekuwa ya dawa.

Ruth Bader Ginsburg, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, aliwahi kuwa na saratani ya utumbo mpana mwaka 1999, na baada ya hapo akawa anapimwa kila mwaka. Mapema 2009 CT ilionyesha kitu cha sentimita moja hivi katikati ya kongosho. Alifanyiwa upasuaji tarehe 5 Februari. Maabara ikakuta kile kilichoonekana kwenye picha hakikuwa saratani. Lakini ndani ya kile kipande kilichokatwa kulikuwa na uvimbe mwingine, mdogo zaidi, ambao CT haikuuona, na huo ndio uliokuwa saratani. Aliishi zaidi ya miaka 11 baada ya hapo, hadi Septemba 2020, saratani ya kongosho ilipomuua. Namtaja kwa sababu mbili. Picha iliyomwokoa ilipigwa kwa sababu ya maana, na upasuaji aliupata kwenye hospitali ambayo madaktari wake wanakata kongosho kila siku.

Hilo la pili ni bei ambayo watu hawaiulizi. Utafiti wa mwaka 2002 kwa wagonjwa wazee wa Marekani ulionyesha kwamba, kwenye hospitali zilizofanya upasuaji wa kongosho mara chache kabisa, walikufa 16 kati ya 100. Kwenye zile zilizofanya zaidi ya 16 kwa mwaka, hawakufika 4. Kama picha imeonyesha kitu, swali la kwanza kwa daktari wa upasuaji, iwe Dar, Nairobi au India, ni hili: daktari, mwaka jana ulifanya ngapi?

Nilimwandikia binamu. Nilimwambia asinunue MRI ya mwili mzima. Yeye ni mtoto wa marehemu, kwa hiyo aanze na kipimo cha jeni, ambacho Marekani mtu anaweza kukipata kwa dola 250 hivi, na jibu likitoka ndipo ajue kama anahitaji kufuatiliwa. Mama yake asikatiwe tiketi. Hana damu ya mjomba, alikuwa mkewe. Mwenye damu ya mjomba ni mama yangu mimi, dada yake wa tumbo moja, ana miaka 71, na sukari yake ilionekana mwaka jana tu.

Alikaa kimya dakika kumi nzima. Kisha akaandika: "Basi shangazi aende kwanza. Natuma hiyo ya tiketi."

Mama alikwenda Jumanne. Kwenye fomu, mahali pa kuandika sababu ya kipimo, nilimwomba daktari asiandike "maumivu ya tumbo". Aliandika: kisukari kipya, kaka yake amefariki kwa saratani ya kongosho, angalieni mrija. Ripoti ilitoka na ukurasa mzima. Mrija wa kongosho ulikuwa umepimwa mahali patatu, na kila mahali imeandikwa milimita 2, haujakatika popote. Nilimsomea mama pale kwenye benchi nje ya idara ya picha. Aliichukua CD, akaomba kalamu, akaandika tarehe juu ya bahasha, na chini yake jina la kaka yake.

Nakala moja nimeituma Houston.